Tithonia, maua machungu ya uani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukitoka Kisumu kwenda Busia, ukishapita Kisian barabara huanza kupanda kuelekea Maseno, na mvua zikiwa zimenyesha vizuri utaona rangi ya manjano imetanda kando zote mbili. Hiyo ni tithonia. Mimi nina kitalu kidogo cha miche na maua hapa Mbale, kaunti ya Vihiga, na hakuna mmea ninaoulizwa habari zake kama huu. Wachache huuliza jinsi ya kuupanda. Wengi huuliza jinsi ya kuunywa. Majibu ni haya, kama ninavyoyatoa pale kitaluni.

Tithonia ni mmea gani hasa?

Ni kichaka cha jamii ya alizeti. Jina lake la kitaalamu ni Tithonia diversifolia, na wengine huuita alizeti mwitu. Hufikia mita 2 hadi 3. Shina lake ukilikata lina uboho mweupe mwororo katikati, na majani yake ni mapana, mengi yamegawanyika ndimi tatu hadi tano kama kiganja. Ua lake ni alizeti dogo la manjano iliyokolea, lenye harufu ya asali, ndiyo maana nyuki hawalikauki.

Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Uliletwa Afrika kuwa pambo la bustani, ukatoka bustanini ukashika njia. Katika Kiswahili ua ni lile linalochanua, na ua vilevile ni ule unaozunguka boma; tithonia ni vyote viwili. Chomeka kipande cha shina ardhini mvua zikianza, nacho kitashika. Ndivyo ulivyoenea Vihiga, Kakamega, Siaya na Kisumu, jirani akimkatia jirani.

Kwa nini watu huyaita maua machungu?

Tafuna kipande cha jani kisichozidi ukucha wa kidole kidogo, kisha uteme. Uchungu utabaki kooni hata ukishakunywa maji. Waluo huyaita maua makech, na makech ni chungu. Kwetu Waluhya utasikia amalulu, maana ni ileile.

Uchungu huo hutokana na kemikali ambazo mmea hutengeneza kujikinga na wadudu na walaji. Inayojulikana zaidi ni tagitinini C. Nitairudia mbele, kwa sababu dawa na sumu ya mmea huu vyote viwili vinakaa humo.

Uchungu pia ndio uliowafanya watu wauamini. Wazazi wetu walitibiwa malaria kwa klorokwini, kidonge kilichokuwa kichungu hadi mtoto akamatwe miguu na mikono ndipo ameze. Kabla ya hapo kulikuwa na kwinini, nayo chungu. Mwarobaini ni mchungu. Kwa hiyo mtu akionja jani la tithonia, ulimi wake humwambia hii ni dawa ya homa. Ulimi hauna habari hizo. Unajua ladha tu.

Wazee walikuwa wanautumia kutibu nini?

Tumbo, kwanza kabisa. Tumbo linalosokota, tumbo lililojaa gesi, chakula kisichosagika, choo kigumu. Baada ya tumbo huja koo linalouma, maumivu ya upande wa ini, homa, na majeraha ya ngozini. Katika lugha za huku neno la mti na neno la dawa hukaa pamoja. Mluo akisema yath anaweza kuwa anataja mti au dawa, na ukitaka kujua ni kipi itabidi usikilize habari yote. Kina mama wa Kiluo walikuwa na nyamrerwa, mwanamke anayejua dawa za wajawazito na watoto, na mtu wa namna hiyo hakuwa anabahatisha.

Guku wangu, nyanya aliyenilea, alikuwa na jiwe la kusagia nje ya jikoni. Mtu akilalamika tumbo, alikwenda uani akachuma majani matatu ya kileleni, yale machanga ambayo bado yana manyoya laini. Hakuchuma manne. Aliyaosha, akayaponda kwa chumvi kidogo, akaongeza maji ya vuguvugu, akachuja kwa kitambaa cheupe alichokitunza kwa kazi hiyo pekee. Kilichotoka kilikuwa cha kijani kibichi chenye povu. Kwa mtu mzima alipima vijiko viwili vya chai, mara moja, basi. Mtoto mdogo hakumpa kabisa. Ukimwomba zaidi alikujibu, "Kaa kwanza, tuone tumbo litasema nini."

Tumbo lilitulia mara nyingi, na sishangai. Kitu kichungu mdomoni huamsha mate na maji ya tumboni yanayosaga chakula, kwa hiyo mtu aliyevimbiwa hupata nafuu hata kwa kiasi kidogo.

Ninachotaka ukishike hapa ni vile vijiko viwili. Siku hizi naona watu wanajaza sufuria majani, wanachemsha mpaka maji yawe meusi, wanakunywa kikombe asubuhi na kikombe jioni kwa wiki tatu, na wanasema wanafuata desturi ya wazee. Guku angeshtuka. Mmea tumeurithi, kipimo tukakipoteza njiani.

Sasa, unatibu malaria au hautibu?

Usiutegemee. Ukiwa na homa huku kwetu, nenda ukapimwe.

Najua jibu hilo haliwaridhishi wengi, kwa sababu wamesikia kwamba wanasayansi wamethibitisha. Kuna ukweli ndani yake. Mwaka 2002 watafiti walichapisha kazi yao kuhusu tithonia iliyotoka São Tomé na Príncipe, ambako pia watu huitumia kwa homa. Walikuta kwamba tagitinini C huua vimelea vya malaria. Lakini viliuawa ndani ya chombo cha maabara. Kazi hiyohiyo ilionyesha kwamba kemikali hiyo huua pia chembe za mwili wa binadamu. Hushikamana na protini za chembe hai na kuziharibu, na haichagui sana hii ni ya kimelea na hii ni ya mwenye mwili. Kutoka kwenye chombo cha maabara hadi kidonge ni safari ndefu, na tithonia haijaimaliza.

Nitakueleza kwa nini ninalisisitiza. Mwaka 2016 senge yangu, yaani shangazi, alikuwa anaishi karibu na Luanda ya hapa Vihiga na mjukuu wa miaka minne. Mtoto akapata joto. Senge akamchemshia majani ya uani. Joto likashuka jioni ile, likapanda kesho yake, likashuka tena. Malaria hufanya hivyo yenyewe, kwa sababu vimelea hupasua chembe nyekundu za damu kwa mawimbi, na kati ya wimbi na wimbi mgonjwa huonekana amepona. Kila joto liliposhuka senge alimshukuru Mungu na kuongeza majani. Nilifika siku ya nne. Mtoto alikuwa mkekani, midomo ina rangi ya kijani, na nilipomfungua viganja vilikuwa vyeupe kama unga. Tulimpakia kwenye pikipiki mpaka zahanati, wakamchoma kidole, malaria ikaonekana mara moja, na damu ilikuwa imeshuka sana. Alipelekwa hospitali kubwa akaongezwa damu. Yu hai, leo anacheza mpira. Senge aliniambia kitu ambacho sijakisahau: "Mwanangu, kilikuwa kichungu vile, nikajua kinafanya kazi."

Hakuwa mzembe. Alikesha siku tatu. Alichokosa ni kipimo, cha jani na cha damu.

Ukanda wa ziwa ndio wenye malaria nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya Kenya. Uchunguzi wa kitaifa wa 2020 ulikuta vimelea kwa karibu watoto 19 katika kila 100 wa ukanda huu, wakati kwa nchi nzima ilikuwa kama 6. Kipimo cha kuchoma kidole hutoa jibu kwa takriban dakika 20, na vijiji vingi vya huku vina mhudumu wa afya ya jamii anayeweza kukifanya nyumbani. Dawa ni AL (artemether na lumefantrine pamoja), humezwa mara mbili kwa siku kwa siku tatu, dozi sita kwa jumla. Imeze pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, ndipo mwili huipokea vizuri. Na umalize dozi hata ukijisikia mzima siku ya pili.

Lakini dawa ya AL si inatoka kwenye mmea wa ukoo huohuo?

Hili ni swali zuri, na wanaoniuliza huwa ni vijana waliosoma. Ndiyo. Sehemu moja ya AL hutengenezwa kutokana na artemisinini, inayopatikana kwenye pakanga ya Kichina, Artemisia annua, mmea ulio katika jamii kubwa moja na alizeti na tithonia. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, ndiye aliyeongoza kazi ya kuitoa miaka ya 1970, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel.

Tazama alivyoipata. Majani yalipochemshwa, nguvu iliharibika. Aligundua hilo aliposoma maandishi ya kale ya Kichina yaliyosema mmea ulowekwe na kukamuliwa, ndipo akatumia njia isiyohitaji moto mkali. Baada ya hapo ikapimwa kwa wanyama, ikapimwa kwa watu, ikajulikana ni miligramu ngapi kwa mtu wa kilo ngapi. Hata leo Shirika la Afya Duniani halipendekezi kunywa chai ya pakanga hiyo kutibu malaria, maana kiasi cha dawa ndani ya jani hubadilika kwa udongo, kwa msimu na kwa jinsi lilivyokaushwa. Ikiwa hali ni hiyo kwa mmea uliotupa dawa yenyewe, tithonia ya uani haiwezi kupata ruhusa rahisi zaidi.

Ina sumu?

Kwa wingi, na kwa muda mrefu, ndiyo. Panya wa maabara waliopewa dawa iliyokamuliwa kutoka tithonia, katika tafiti za Nigeria na za Brazili, walionyesha madhara kwenye figo na ini. Kumbuka ini ni mojawapo ya sehemu ambazo watu wetu huinywea tithonia ili kulitibu. Mtu mwenye maumivu upande wa kulia chini ya mbavu anaweza kuwa anaongeza mzigo juu ya kiungo kilichochoka tayari.

Uchungu wake hukufanya pia utapike. Wengine husema kutapika ni kutoa ugonjwa. Kwa mtoto mwenye homa, kutapika ni kupoteza maji ambayo mwili unayahitaji.

Nani asiinywe kabisa?

Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, na yeyote mwenye tatizo la figo au ini. Anayemeza dawa za kila siku, ziwe za presha, za sukari, za kifua kikuu au za kupunguza makali ya virusi, asichanganye bila kumweleza daktari. Na aliye na mzio wa maua ya jamii ya alizeti akae mbali nayo.

Nikipaka kwenye kidonda?

Huku ni desturi ya kawaida: mtu akijikata panga shambani, husugua jani viganjani mpaka litoe maji, akalibandika. Majaribio ya maabara yamewahi kuonyesha kwamba tithonia huzuia bakteria kadhaa, kwa hiyo wazee hawakuwa wanaota. Lakini jani la kando ya barabara lina vumbi, mkojo wa mbwa na udongo, na udongo ndimo zinamokaa mbegu za pepopunda. Osha kidonda kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kifunge kwa kitambaa safi, na kikiwa kirefu nenda ukachomwe sindano ya pepopunda. Walioumwa na nyoka wasicheleweshwe na jani lolote.

Kwenye ngozi isiyo na jeraha, watu hujipaka kwa kuwashwa na mbu au kwa upele. Jaribu kwanza sehemu ndogo ya ndani ya mkono, usubiri mpaka kesho. Mimi mwenyewe nikikata ua siku nzima bila mikono mirefu huwashwa jioni. Ni mmea wenye kuwasha baadhi yetu.

Nasikia unashusha sukari na kutibu saratani.

Kwa sukari kuna majaribio yaliyofanyiwa panya, na sukari yao ilishuka. Hilo lingekuwa jambo la kufurahia, ila mgonjwa wa huku huwa ameshameza dawa ya hospitali asubuhi, akiongeza kikombe cha tithonia sukari inaweza kushuka kupita kiasi akaanguka. Kwa saratani, kuua chembe kwenye maabara si kazi ngumu. Hata sabuni huziua. Anayekuuzia tithonia kama dawa ya saratani anakula muda wako.

Nitajuaje kwamba nimechuma tithonia na si kitu kingine?

Swali hili lingeulizwa zaidi ningelala vizuri. Kuna kichaka kingine cha ua wa boma chenye maua ya manjano, kinachopandwa Kisumu, Nakuru na miji mingi, majani yake ni membamba marefu yanayong'aa, ua lake ni kama tarumbeta, na tunda lake ni gumu la kijani lenye pembe. Jina lake la kitaalamu ni Thevetia peruviana. Ukivunja jani lake hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Mmea huo huua. Sumu yake hushika moyo na kuvuruga mapigo yake, na mbegu ndizo mbaya zaidi.

Tithonia haina utomvu wa maziwa. Jani lake ni pana, lina manyoya mafupi, lina ndimi. Ua lake ni alizeti, lina kitovu cha manjano na petali zimelizunguka. Mtu akikuambia "chuma yale maua ya manjano ya uani" kwa simu, usichume.

Zile chupa zinazouzwa sokoni je?

Chupa ya soda iliyojaa maji ya kahawia, haina jina la mmea, haina tarehe, haina kipimo. Sheria ya Afya ya 2017 inatambua tiba ya asili nchini Kenya, na kuna waganga wa mitishamba waaminifu wanaofanya kazi yao wazi. Mwulize muuzaji: ni mmea gani, sehemu gani ya mmea, kiasi gani, kwa siku ngapi, nani asinywe. Mganga wa kweli atakujibu hayo kabla hujamaliza kuuliza. Anayekujibu "inatibu kila kitu" mwache na chupa yake.

Nimeshakunywa kwa wiki mbili. Nifanye nini?

Acha leo. Kunywa maji ya kutosha. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi au ukipungua, uso au miguu ikivimba, nenda hospitali bila kungoja. Ukifika, taja tithonia kwa jina, pamoja na kiasi ulichokunywa. Wengi huficha kwa kuogopa kukaripiwa. Niliwahi kukaripiwa na daktari mmoja mbele ya foleni nzima, na iliniuma, lakini bado nakusihi useme, kwa sababu bila habari hiyo atatafuta chanzo mahali kisipo. Ukiweza, beba tawi lenye majani na ua.

Kama nisiinywe, basi niifanyie nini? Niing'oe?

Usiing'oe! Hapa ndipo ninapofurahi kujibu. Mashamba mengi ya Magharibi yamechoka, hasa kwa kukosa fosforasi, na mfuko wa mbolea ya DAP si wa kila mtu. Miaka ya 1990 watafiti waliokuwa Maseno na Vihiga pamoja na wakulima waliupima mmea huu ambao watu walikuwa wanaukata na kuutupa barabarani. Majani yake mabichi yakishakaushwa yana takriban nitrojeni asilimia 3.5, fosforasi asilimia 0.37 na potasiamu asilimia 4.1. Ni kiwango kikubwa kwa jani la bure. Tena huoza upesi, ndani ya wiki chache udongo umeshalipokea.

Kata matawi laini kabla mmea haujachanua, maana ukishatoa maua shina huwa gumu kama kuni. Katakata kwa panga vipande vya urefu wa kidole, vitandaze kwenye mfereji au shimo la mahindi, funika kwa udongo, subiri wiki moja ndipo upande. Kwa sukumawiki na mboga nyingine, jaza majani kwenye ndoo, mimina maji, funika, koroga kila baada ya siku mbili tatu. Baada ya wiki mbili hivi maji yatakuwa meusi yenye harufu kali. Punguza kwa maji safi, mkebe mmoja wa maji hayo meusi kwa mikebe miwili ya maji safi, na umwagie kwenye mashina, usimwagie majani utakayokula. Vaa mikono mirefu.

Kazi yake ni nzito, sitaficha. Eneo dogo la mboga linawezekana kwa mtu mmoja. Ekari nzima ya mahindi itakutaka ubebe majani mpaka mgongo ukatae. Anza na ile mistari ya sukumawiki iliyo karibu na ua. Ukikata, acha kisiki kinachofika gotini, na mvua ikinyesha kitachipua tena.